Afya ya Mwili na Akili kwa Wanafunzi wa Muziki Vyuoni: Mambo ya Kufahamu kwa Wakazi wa Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

Mwanafunzi wa muziki katika chuo kikuu hujifunza kwa mwili wake. Vidole, midomo, mapafu, koo na masikio ndivyo vitendea kazi vyake vya kwanza. Gitaa likikatika uzi, uzi hununuliwa dukani. Sikio likipoteza uwezo wake kwa sababu ya kelele, uwezo huo haurudi. Kwa sababu hiyo, afya ya mwanafunzi huyu ni sehemu ya masomo yake, sawa na nadharia ya muziki na mazoezi ya chombo.

Hata hivyo, imezoeleka miongoni mwa wanafunzi, na wakati mwingine miongoni mwa wakufunzi, kuyachukua maumivu kuwa ushahidi wa bidii. Mwanafunzi anayelalamika kuumwa kiwiko huambiwa avumilie, na anayetetemeka kabla ya kupanda jukwaani huambiwa hajajiandaa vya kutosha. Utaalamu wa tiba unaonesha kinyume. Madhara mengi yanayowapata wanamuziki huanza taratibu, hutoa dalili mapema, na hutibika kwa urahisi zaidi yanapowahiwa.

Muziki katika maisha ya Kilimanjaro

Mkoa wa Kilimanjaro una historia ndefu ya uimbaji wa kwaya na upigaji wa tarumbeta. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walianza kazi Machame mwaka 1893, na katika miongo iliyofuata kwaya za sauti nne na vikundi vya tarumbeta vilienea katika sharika za mlimani. Parokia za Kikatoliki za Kilema, Kibosho na kwingineko nazo zilijenga utamaduni imara wa kwaya. Leo tarumbeta husikika kanisani siku ya Jumapili, kwenye mazishi, na pia juu ya magari yanayosindikiza maharusi katika mitaa ya Moshi.

Vijana wengi hujifunzia muziki katika mazingira hayo kabla ya kufika chuoni. Miongoni mwa vyuo vinavyofundisha muziki kwa ngazi ya shahada ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kilichopo Usa River kando ya barabara kuu ya Moshi hadi Arusha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyotokana na Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichopo Zanzibar, nazo zimewaandaa wanamuziki wengi wa Tanzania.

Mwanafunzi anayetoka katika mazingira hayo huwa na mzigo mara mbili. Siku za kazi hufanya mazoezi ya chuo, na mwisho wa wiki huhudumu kwaya, hupiga kwenye harusi au hutumbuiza ukumbini ili apate fedha za kujikimu. Mwezi Desemba, ambapo wenyeji wengi wa Kilimanjaro hurejea nyumbani kwa sikukuu, harusi, ubarikio na ibada hufuatana siku baada ya siku. Likizo ambayo ingekuwa ya kupumzika hugeuka kuwa kipindi cha kazi nzito kuliko muhula wenyewe. Ratiba ya chuo haiuoni mzigo huo, lakini mwili huubeba wote kwa pamoja.

Mikono, mabega na mgongo

Kupiga chombo cha muziki ni kurudia mwendo mdogo maelfu ya mara. Misuli na kano zinapofanyishwa kazi kupita uwezo wake bila muda wa kupumzika, huvimba na kuuma. Wapiga kinanda na gitaa huathirika zaidi vidoleni, kwenye vifundo vya mikono na viwikoni. Wapiga zeze na fidla huumwa shingo na bega. Wapiga ngoma huumwa vifundo vya mikono na mgongo wa chini, hasa wanaopiga wakiwa wameinama au wamebeba ngoma kwa mkanda mmoja begani.

Kisababishi kinachojitokeza mara kwa mara ni ongezeko la ghafla la mazoezi. Mwanafunzi aliyekuwa akifanya mazoezi saa 1 kwa siku huanza kufanya saa 5 wiki mbili kabla ya mtihani wa vitendo. Kubadili chombo, kubadili mkufunzi au kuanza wimbo mgumu huongeza hatari hiyo. Baridi ya miezi ya Juni, Julai na Agosti katika maeneo ya juu kama Marangu, Uru na Machame hukaza misuli, hivyo mazoezi ya asubuhi yasianze kabla ya mikono kupata joto.

Hatua za kinga ni hizi: kunyoosha na kupasha mwili joto kwa dakika chache kabla ya kupiga, kupumzika walau dakika 5 baada ya kila dakika 25 hadi 30 za mazoezi, kuongeza muda wa mazoezi kidogo kidogo wiki hadi wiki, na kukaa kwenye kiti chenye kimo kinachoruhusu nyayo kukanyaga sakafu. Maumivu yanayoendelea baada ya kuacha kupiga, ganzi ya vidole, au kuamka usiku kwa sababu ya kuumwa mkono ni dalili za kumwona mtaalamu wa afya.

Upo pia ugonjwa wa neva usio na maumivu, ambapo kidole hujikunja au hukataa kutii pale tu mwanamuziki anapopiga chombo chake. Leon Fleisher, mpiga piano mashuhuri wa Marekani, alipoteza matumizi ya mkono wake wa kulia katikati ya miaka ya 1960 kwa sababu ya hali hiyo. Kwa takribani miongo mitatu alipiga nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya mkono wa kushoto, akafundisha na kuongoza okestra, kabla ya tiba kumwezesha kurejea kupiga kwa mikono miwili. Mwanafunzi anayeona dalili hiyo asiongeze mazoezi kwa nia ya kuulazimisha mkono, kwa kuwa kufanya hivyo kunaweza kuzidisha tatizo.

Masikio: hasara isiyorudi

Ndani ya sikio zipo seli ndogo zinazopokea mitetemo ya sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele kubwa huziua seli hizo, na mwili wa binadamu hauzioteshi upya. Shirika la Afya Duniani (WHO) limetahadharisha kwamba zaidi ya vijana bilioni 1 duniani wamo hatarini kupoteza usikivu kutokana na usikilizaji usio salama.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Kwa mtu mzima, WHO inashauri sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki. Kipimo kinachotumika sana katika usalama kazini huruhusu desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda salama kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 94 zinavumilika kwa saa 1, na desibeli 100 kwa dakika 15 tu. Kikundi cha tarumbeta kinachopiga kwa nguvu ndani ya chumba kidogo chenye kuta tupu na dari ya bati kinaweza kufikia viwango hivyo bila kipaza sauti chochote. Anayekaa mbele ya tarumbeta, mara nyingi mwimbaji au mpiga filimbi, hupokea sauti kubwa kuliko anavyodhani.

Dalili za awali ni masikio kuvuma au kulia baada ya mazoezi, kusikia kama masikio yamezibwa, na kushindwa kufuata mazungumzo mahali penye watu wengi. Dalili hizo zikiisha baada ya usiku mmoja, zimekwisha kutoa onyo. Zikidumu, usikivu upimwe. Inashauriwa wapigaji wapangwe kwa ngazi ili tarumbeta zipite juu ya vichwa vya walio mbele, mapazia au mikeka itundikwe ukutani kunywea mwangwi, mazoezi ya sauti ndogo yachanganywe na ya sauti kubwa, na vizibo vya masikio vitumike katika mazoezi marefu na kwenye kumbi zenye spika kubwa. Tarehe 3 Machi kila mwaka ni Siku ya Usikivu Duniani, na vyuo vinaweza kuitumia kupima wanafunzi wote wa muziki.

Koo, midomo na mapafu

Mwimbaji anayeshiriki mkesha wa usiku kucha, akafundisha kwaya ya watoto mchana na kufanya mtihani wa uimbaji Jumatatu, hutumia nyuzi za sauti bila kuzipa nafasi ya kupona. Matokeo yake ni sauti kukwaruza, na baadaye vinundu vidogo kwenye nyuzi hizo. Maji ya kunywa ya kutosha, usingizi na siku za kunyamaza ni tiba ya kwanza. Kunong'ona hakupumzishi sauti, na kukohoa kwa nguvu ili kusafisha koo huumiza. Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki 3 ichunguzwe na daktari wa masikio, pua na koo.

Pombe, ikiwemo mbege inayotolewa kwa ukarimu kwa wapigaji kwenye sherehe, hupunguza uwezo wa mwanamuziki kutambua kwamba anajiumiza. Vumbi la miezi ya Januari na Februari katika maeneo ya tambarare nalo hukera koo, hasa kwa wapigaji wanaopanda magari ya wazi.

Wapiga tarumbeta wasichangie midomo ya kupulizia bila kuisafisha kwa sabuni na maji, kwa kuwa mate hubeba vimelea vya magonjwa. Mwanafunzi anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi apimwe kifua kikuu, kwani ugonjwa huo husambaa kwa njia ya hewa na chumba cha mazoezi kilichofungwa madirisha hurahisisha maambukizi. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Hospitali Maalumu ya Magonjwa Ambukizi Kibong'oto, iliyopo wilayani Siha, ina uzoefu wa miongo mingi katika tiba ya ugonjwa huo.

Afya ya akili na hofu ya jukwaa

Mwanafunzi wa fani nyingine hufanya mtihani akiwa amejiinamia kwenye karatasi. Mwanafunzi wa muziki hupimwa mbele ya macho na masikio ya wengine, na kosa lake husikika papo hapo. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kinywa kukauka na kusahau mistari aliyoifahamu ni mwitikio wa kawaida wa mwili unapojiona hatarini. Hali hiyo si ushahidi wa kulogwa, upungufu wa imani wala ukosefu wa kipaji. Hupungua kwa mazoezi ya kupumua polepole, kwa kutumbuiza mara kwa mara mbele ya kundi dogo kabla ya mtihani, na kwa msaada wa mshauri nasaha pale hofu inapomfanya mwanafunzi akwepe jukwaa kabisa.

Baadhi ya wanamuziki duniani hutumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo kabla ya kutumbuiza. Dawa hizo huandikwa na daktari kwa sababu maalumu, na zinaweza kuwa hatari kubwa kwa mwenye pumu. Kupewa kidonge na mwenzako nyuma ya jukwaa ni kuhatarisha maisha. Mirungi na bangi, ambazo ni dawa za kulevya kwa mujibu wa sheria za Tanzania, haziondoi hofu bali huiahirisha na kuiongezea madhara mengine.

Zaidi ya jukwaa, ipo mizigo ya kila siku: ada, kuchelewa kwa fedha za kujikimu, na familia isiyoamini kwamba muziki ni taaluma. Mwanafunzi aliyeumia mkono hupata pigo jingine, kwa kuwa hupoteza kwa wakati mmoja masomo, kipato cha mwisho wa wiki na nafasi yake katika kundi. Kwa sababu hiyo jeraha la mwili na sonona mara nyingi hufuatana, na mtoa huduma anayetibu moja anapaswa kuulizia jingine.

Dalili za sonona ni huzuni au kukosa hamu ya mambo kwa wiki 2 au zaidi, usingizi kuvurugika, uchovu usioelezeka, kujitenga na kujiona hana thamani. Sonona ni ugonjwa unaotibika. Sheria ya Afya ya Akili, Na. 21 ya mwaka 2008, inaweka utaratibu wa matunzo na ulinzi wa haki za wenye changamoto za afya ya akili nchini. Mwanafunzi anayezungumzia kujidhuru asiachwe peke yake, na afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Usalama katika chumba cha mafunzo

Masomo ya chombo na sauti hufundishwa mara nyingi na mkufunzi mmoja kwa mwanafunzi mmoja, ndani ya chumba kilichofungwa ili sauti isitoke. Mkufunzi huyo huyo ndiye anayetoa alama na kupendekeza nani apande jukwaani. Mazingira hayo yanahitaji ulinzi wa wazi: mlango wenye kioo, ratiba inayofahamika, na mwanafunzi kuombwa ridhaa kabla ya kuguswa ili kurekebishwa mkao au pumzi.

Kudai ngono kama sharti la alama au nafasi ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya mwaka 2007. Taarifa hupokelewa na TAKUKURU kwa simu ya bure namba 113, na pia kupitia Dawati la Jinsia la chuo au la Polisi.

Huduma zinapatikana wapi

Huduma huanzia zahanati ya chuo, zahanati ya kijiji au kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika, mgonjwa hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Kilimanjaro, Mawenzi, iliyopo mjini Moshi. Ngazi ya kanda ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, yenye madaktari bingwa wa masikio, pua na koo, huduma za afya ya akili na fiziotherapia. KCMC pia ni mahali ambapo wataalamu wa fiziotherapia hufundishwa.

Mwanafunzi afuate mambo manne. Kwanza, ahakikishe mwanzoni mwa mwaka wa masomo kwamba uanachama wake wa bima ya afya uko hai. Pili, atumie utaratibu wa rufaa, kwa kuwa kwenda hospitali ya kanda bila rufaa kunaweza kumwongezea gharama. Tatu, amweleze daktari kwamba yeye ni mwanamuziki, anapiga chombo gani na kwa saa ngapi kwa siku, kazi za mwisho wa wiki zikiwemo. Akiweza, aende na chombo chake. Nne, apeleke cheti cha daktari kwa Mshauri wa Wanafunzi mapema ili aombe kuahirisha mtihani wa vitendo, badala ya kuufanya akiwa majeruhi. Kwa ushauri wa jumla wa afya, Wizara ya Afya hupokea simu bila malipo kupitia namba 199.

Wajibu wa vyuo, vikundi na familia

Nchini Marekani, mkutano wa kitaifa uliofanyika Fort Worth, Texas, mwaka 2004 ulizitaka shule za muziki kufundisha wanafunzi wao kinga dhidi ya madhara ya kazi. Uingereza ina asasi ya tiba kwa wasanii tangu miaka ya 1980. Hatua nyingi zilizotokana na juhudi hizo hazihitaji majengo wala mitambo mipya. Chuo kinaweza kutenga somo moja la afya katika wiki ya kwanza, kupima usikivu wa wanaoanza ili pawe na kumbukumbu ya kulinganisha, na kuitawanya mitihani ya vitendo isiangukie wiki moja.

Viongozi wa kwaya na vikundi vya tarumbeta wanaweza kupanga zamu ili mpigaji mmoja asihudumu ibada tatu na harusi mbili katika wiki moja. Mzazi anaweza kuuliza, kijana anaporudi nyumbani Desemba, kama mkono unauma au masikio yanavuma, kabla ya kumpangia ratiba ya sherehe za ukoo.

Suala hili linagusa zaidi ya wanafunzi wenyewe. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeimarisha mkondo wa amali katika elimu ya sekondari, na sanaa ni sehemu ya mkondo huo. Wanaosoma muziki vyuoni leo ndio watakaofundisha shuleni kesho. Aliyezoeshwa kuficha maumivu atawafundisha watoto kuyaficha, na aliyejifunza kupumzika, kulinda masikio na kuomba msaada kwa wakati atarithisha hayo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwanamuziki, ufa ni maumivu ya wiki ya kwanza, mlio wa sikio wa usiku mmoja, na usingizi unaokatika kwa hofu ya kesho. Huo ndio wakati wa kufika kituo cha afya.